Ukuta Mwepesi Utaenda Wapi

Jumamosi asubuhi mjomba Ioane alifika na drili yake, akavua viatu mlangoni, akala panikeke za moto, maandazi ya kwao, akiwa amesimama, ndipo akauliza picha inakaa wapi. Losivale akamwonyesha ukuta wa sebuleni, ule unaopakana na nyumba ya jirani.

Picha yenyewe ilikuwa ya marehemu Pelenatete, mama yake Losivale na dada yake Ioane. Fremu yake ilikuwa ya mti mzito, imechongwa kijijini kwao kisiwani Savai'i, Samoa, na kusafirishwa hadi Brisbane imeviringishwa mkeka kama mgonjwa. Picha ya mzazi aliyetangulia haikai chini. Hukaa juu, ikavishwa shada, ikawatazama wanaokula na wanaosali. Hii ilikuwa imeegemezwa kwenye kochi tangu siku ya kuhamia, na kila mgeni wa kanisani akiingia aliitazama picha, kisha akamtazama Losivale, kisha akasema nyumba ni nzuri.

Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa ya kwanza yao wenyewe, imebanana na wenzake kwenye safu mpya kusini mwa mji, nguzo za mbao pembeni na katikati kuta za matofali mepesi ya zege, yale meupe yenye vitundu vya hewa ndani kama mkate. Wauzaji walisema matofali hayo hupoza nyumba, huzuia moto na humeza kelele za jirani. Yote yalikuwa kweli. Mengine hawakuyasema, na Losivale na mumewe Sefo hawakuuliza, maana mtu akikabidhiwa ufunguo hageuki kuuliza ukuta umeshikwa na nini.

"Mjomba," alisema Losivale, "hapo chini ndipo anapolala Tali."

Tali alikuwa binti yao wa miaka saba. Chumba cha juu kilimbana kifua wakati wa joto, na daktari alisema alale penye ubaridi. Penye ubaridi palikuwa pale, kwenye mkeka chini ya ukuta ule.

"Mwanangu, mimi nimetoboa madaraja," alisema Ioane. "Ukuta ni ukuta."

Akasogeza kitufe cha drili mpaka kwenye alama ya nyundo, ili itoboe huku inagonga, kama alivyofanya maisha yake yote kwenye zege ngumu. Drili ikanguruma, na ncha yake ikazama ukutani kama kidole kwenye gimbi la taro lililoiva. Vumbi jeupe likamwagika. Ndani ya vumbi mkawa na vipande vya maneno: "...boksi..." na "...ruka..." na nusu ya kicheko.

Ioane akavipuliza. "Redio ya jirani," alisema.

"Jirani yuko kwenye bingo."

"Basi ameisahau inaimba."

Akatoboa matundu manne. Akagongea fisha nne, zile za plastiki zinazotangulia skrubu shimoni, fisha za kawaida za tofali la kuchoma. Skrubu zikazunguka bila kukaza, kama mtu anayekubali kila unalomwambia. Ioane akachomeka na njiti za kiberiti ili zijazie, akatundika fremu, akarudi nyuma, akafunga mikono.

"Umeona? Dada yangu amekaa kama malkia."

Alikaa hivyo hadi Jumatatu. Jioni hiyo, kengele ya sala ilipolia kwenye simu, Losivale na Tali walikaa mkekani kama kila siku. Losivale akamtuma mtoto Biblia. Tali akainuka, akaenda. Fremu ikashuka na fisha zake zote nne, kona yake ikaupasua mkeka palepale mtoto alipokuwa ameketi.

Tali akarudi na Biblia mkononi. "Mama, sasa nikae wapi?"

"Kaa upande huu."

Wakasali mpaka mwisho, maana sala haikatwi. Ila Losivale aliushika mkono wa mtoto na hakuuachia, mpaka Tali aliposema anauhitaji kufungulia kurasa. Katika matundu yaliyobaki, mapana sasa kama jicho la ng'ombe, maneno yaliyosalia yalikuwa yanadondoka pamoja na unga. Mtu mmoja aliuliza kama kuna sosi ya nyanya. Mwingine alimjibu kwamba mkate wake wa nyama aule mkavu, alichelewa.

Sefo alikuwa machimboni magharibi, wiki mbili huko, wiki moja nyumbani. Losivale akampigia simu akamweleza.

"Mwambie mjomba aweke fisha kubwa," alisema Sefo.

Mjomba naye alisema, "Nitaleta kubwa zaidi."

Losivale akakataa. Alikuwa ameona matundu. Fisha ya kawaida hukaa kwa kujitanua na kusukuma pembeni, na tofali gumu huisukuma nalo ikabanwa. Tofali hili halikuwa na nguvu ya kusukuma. Lilisagika tu, na kadiri unavyolisukuma ndivyo linavyosagika. Mama mwenye mtoto na ukuta wa namna hii ashike neno hili moja: kubwa itachimba kubwa.

"Nitachagua mwenyewe," alisema.

"Wewe? Na skrubu?"

"Mimi, mjomba. Na skrubu."

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, safu ya fisha na skrubu ni ndefu kuliko safu za mkate na maziwa zikiunganishwa. Losivale alikuwa ameishia shule ya msingi, na Kiingereza cha kwenye pakiti kilimjia kizito, kwa hiyo alifuata picha zilizochorwa nyuma. Kulikuwa na picha ya tofali gumu, picha ya tofali lenye matundu marefu, picha ya ubao wa jasi. Alilokuwa analitafuta ni tofali lenye vitone vingi vidogo. Kijana wa duka akapita, akamuuliza kama yuko sawa.

"Bado," alisema Losivale.

Kijana akapita tena baada ya kitambo, akamkuta palepale, akamletea kiti.

Alitoka na aina tatu. Ya kwanza bolti ya chuma inayofumuka ndani ya shimo. Ya pili gundi ya kusindilia kwa bomba. Ya tatu fisha nyeupe ndefu, yenye mapezi yaliyojizungusha mwilini mwake kama kile chuma cha ndani ya mashine ya kusagia nyama. Hii haikukusudiwa kusukuma. Ilikusudiwa kujikata njia na kukaa.

Ng'ambo ya barabara kampuni ileile iliyojenga nyumba yao ilikuwa inaanza kujenga safu nyingine. Kwenye pipa lao la taka kulikuwa na tofali zima limetupwa kwa kuvunjika pembe. Losivale akaliomba, wakasema chukua mama, chukua kumi. Akachukua moja. Tali akalibeba mwenyewe mpaka nyumbani, amelipakata kama mwanasesere, na wepesi wake ukamfurahisha mtoto na ukamtia mama yake baridi.

Uani, akalibana tofali kwenye ukingo wa meza kwa vibano vya Sefo, akachukua na drili yake. Bolti ya chuma ilipofumuka, tofali lilipasuka vipande viwili na mluzi wa dereva wa lori ukatoka, ukapita juu ya uzio, ukaenda zake. Kwenye nusu ya kwanza akatia gundi. Gundi ilishika, lakini ndani ya shimo kitu kilikoroma kama mtu anayesema na chakula mdomoni, kikafifia. Losivale hakuipenda. Neno lililozibwa koo halijaisha, limekaa tu.

Kwenye nusu ya pili akaachana na nyundo. Akasogeza kitufe kwenye mzunguko mtupu, akatoboa taratibu, shimo jembamba, akaivuta drili nje bila kuitikisa. Unga ukatoka mkavu na safi. Na maneno yakatoka mazima, mwanamke mmoja wa kiwandani anamwambia mwenzake asisahau kumchukulia dawa ya mbwa. Losivale akaingiza fisha ya mapezi, akaisokota mpaka ikazama, akatia skrubu, akaining'inizia ndoo ya taro. Ikakaa. Akaongeza taro. Akaongeza pasi ya chuma ya mama yake. Akaiacha hapo mpaka nguo za siku ya pili zikakauka kwenye kamba, ndoo haijashuka hata unywele.

Basi akaingia ndani, akapiga pima maji, akatia alama ukutani, akatoboa shimo la kwanza la picha kwa namna ile ile, bila kugonga.

Sauti za wanaume zikatoka ukutani wazi, na harufu ya vumbi bichi na mkate wa nyama ikaja nazo.

"Vishikizo vimebaki vingapi?"

"Nusu boksi."

"Na mistari ya matofali?"

"Mingi kuliko boksi."

"Ofisini wanasemaje?"

"Wanasema hiyo nusu ndiyo ya nyumba mbili."

"Basi tia kimoja, ruka minne. Ukuta mwepesi huu, utaenda wapi?"

Wakacheka. Shimo likanyamaza, likawa shimo.

Losivale akaiweka drili chini. Vishikizo alivijua, alikuwa ameviona ng'ambo: vipande vya chuma vinavyopigiliwa kwenye nguzo ya mbao na kulazwa ndani ya udongo wa saruji kati ya mistari ya matofali, ili ukuta na nyumba viwe kitu kimoja. Kumbe picha haikuwa shida. Picha ilikuwa imewatangulia tu kuanguka. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuziona nyumba hizi. Hapa ukuta ulijengwa kwanza, ukapakwa rangi, na ufa unasubiri zamu yake.

Akaenda kumgongea jirani. Maureen alikuwa mjane mwenye mbwa mnene, na alifungua mlango akiwa na kikombe cha chai.

"Samahani jirani. Upande wako ukuta umewahi kusema?"

"Wa sebuleni? Mpira tu," alisema Maureen. "Nilitaka kutundika televisheni. Matundu yote yakawa ni habari za mechi, na timu yangu ilifungwa, nikajua kabla ya kuzima drili. Televisheni ikaanguka. Nikaiweka chini. Televisheni haina makuu."

"Hawakusema kuhusu vishikizo?"

"Mpenzi, mimi nilitoboa mara mbili tu. Wewe endelea, ukisikia chochote kuhusu paa nijulishe."

Losivale akapiga simu kwenye ofisi ya kampuni. Akapiga tena. Akawa anapiga kila asubuhi kabla ya zamu yake ya kufungasha kuku, na msichana wa simu akaijua sauti yake, akawa anamuuliza kifua cha Tali kinaendeleaje. Mwishowe wakamtuma mkaguzi wao. Aliitwa Craig, mtu mpole, akavua kofia, akaisifu harufu ya sapasui, tambi za nyama, jikoni, akapewa sahani, akala.

Baada ya kula Losivale akatoboa shimo mbele yake, tofali lingine, juu kidogo ya lile la kwanza.

"Ruka hapo. Na hapo. Mkaguzi anakuja, paka lipu," ilisema sauti. Kisha ikaja nyingine, nzito, yenye mafua. "Haya jamani, inapendeza. Nyoosheni rangi tu. Nitie sahihi wapi? Mvua hiyo yaja."

Craig akatazama shimo. "Huyo ni mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa naumwa wiki ile."

"Pole. Yamesikika."

Craig akaeleza kwamba matofali ya hewa huwa yanashika maneno, ni tabia yake, hewa iliyomo lazima iwe hewa ya mtu. Kampuni haihesabu maneno kuwa kasoro. Kasoro ni ufa unaopitisha sarafu.

"Kuna ufa?"

"Hakuna."

"Maji yanaingia?"

"Hayaingii. Vishikizo ndivyo havimo."

"Hilo limesemwa na ukuta, mama. Mimi naandika ninachokiona."

"Basi bomoa uone."

"Kubomoa ni juu ya mwenye nyumba. Na ukibomoa, dhamana inakufa."

Losivale akamwomba auguse ukuta. Craig akaweka kiganja ukutani, akasukuma, si kwa nguvu. Juu kule, ukuta unapokutana na dari, rangi ikajikunja kidogo kama ukope, ikarudi. Craig akaondoa mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Ningekushauri msiusukume," alisema.

"Mtoto wangu analala hapo."

"Mwambie naye asiusukume."

Akashukuru kwa chakula. Ofisini akaripoti kwamba ukuta uko wima, na ulikuwa wima.

Jioni hiyo Losivale hakulia wala hakulala mapema. Alikaa mkekani, ameuvuta mbali na ukuta, mtoto kajilaza mapajani anakariri aya yake ya Jumapili ya watoto, ile ya mwezi wa kumi wanapovaa nyeupe tupu na wakubwa wakawapakulia chakula kwanza. Shangazi wawili walikuwa wanakuja kutoka Auckland kwa ajili ya siku hiyo. Alisikiliza aya huku akiutazama ukuta kutoka nguzo ya mbao ya upande huu hadi nguzo ya mbao ya upande ule. Picha inahitaji kushikwa na ukuta. Ukuta unahitaji kushikwa na nguzo. Aliitafakari hiyo kama mtu anavyotafakari kipimo cha nazi, na kabla Tali hajafika kwenye amina alikuwa ameshajua.

Papi. Papi ndefu za mbao, zimelazwa ukutani kutoka nguzo hadi nguzo. Mwishoni kila moja inakamatwa na skrubu ndefu kwenye mti wa nguzo, na katikati inashikwa na fisha za mapezi kwenye matofali. Wageni wataona papi za kutundikia picha. Ukuta utajua kwamba umefungwa mkanda.

Jumamosi Ioane alirudi. Alikuwa amenuna kidogo, kwa sababu habari za dada yake kuanguka zilikuwa zimefika kanisani kabla yake, na kwaya ilikuwa inamwita Mjomba Daraja. Losivale akampa kikombe cha koko, kisha akanyoosha mkono, akaichukua drili yake, akasogeza kitufe kutoka kwenye nyundo.

"Drili yangu haijui kutembea," alisema Ioane. "Inajua kukimbia."

"Leo itatembea."

"Na nikikataa?"

"Nitamwambia mama." Akaielekeza kidevu picha iliyokuwa kochini. Ioane akamtazama dada yake, akaguna, akashika papi upande wake.

Wakafanya kazi. Losivale alitoboa, Ioane akashika pima maji. Hakutoboa karibu na ukingo wa tofali, maana ukingo humeguka. Hakuweka fisha mbili kwenye tofali moja kama ingewezekana kuzigawa. Kichwa cha skrubu kilipofika kwenye mbao kikalala, aliacha hapohapo, hakuongeza hata robo ya mzunguko, maana kwenye tofali jepesi kukaza zaidi ni kulegeza. Ioane alijizuia mikono mara kadhaa.

Na kila shimo lilitoa chake. Siku nzima ya ujenzi ikawatokea vipande vipande bila mpangilio, chai ya saa nne kabla ya asubuhi, mvua kabla ya mawingu. Mtu alisimulia ndoto. Mtu alilalamikia buti. Ioane akaanza kuwajibu. Mmoja aliposema mgongo unamuua, alimwambia ajifunge mkanda mpana, na anywe maji.

Papi ya pili, karibu na kimo cha mtoto aliyelala, shimo likasema:

"Mbona unakimbiza leo?"

"Mke wangu kajifungua alfajiri. Msichana."

"Acha wee. Hongera baba. Sasa unafanya nini hapa?"

"Nikiondoka kabla ya kumaliza ukuta silipwi siku."

"Basi ruka vishikizo tumalize, ukamwone. Nusu boksi lenyewe hata lingefika wapi. Ukuta mwepesi huu, utaenda wapi?"

Losivale akasimama na drili mkononi. Alikuwa amewachukia watu wale siku zote hizo, kila mtu na sauti yake, na sasa mmoja wao alikuwa na mtoto wa siku moja. Ioane naye hakutania.

"Mungu amkuze," alisema Losivale kwenye shimo. Akaingiza fisha, akaisokota mpaka ikazama.

Baada ya hapo hakuwa na wa kumchukia ila ofisi iliyotuma nusu boksi, na ofisi haikuwa na tofali lake humo ndani.

Shimo la mwisho lilikuwa tupu. Pengine tofali hilo liliwekwa wote wakiwa wamenyamaza. Losivale akaweka mdomo karibu na ukuta, na Ioane, kwa heshima, akageuka akatazama barabarani.

"Mimi ni Losivale," alisema shimoni. "Ukuta huu hauna vishikizo. Papi hizi ndizo zinazoushika. Usizitoe. Kama una mtoto, msogeze kwanza ndipo uendelee kutoboa."

Akaziba kwa fisha kabla maneno hayajatoka.

Wakatundika picha kwenye papi ya juu. Pelenatete akatulia, akaitazama sebule kwa ule uso wake wa kusubiri mtu amalize kusema uongo. Losivale akasukuma ukuta kwa kiganja, kisha kwa bega. Rangi ya juu haikukunja ukope.

"Hata mimi ningefanya hivyo," alisema Ioane.

"Najua, mjomba."

Shangazi wakaja na masanduku na kelele. Tali alisema aya yake bila kukosea hata neno, akapakuliwa kwanza. Usiku akalala penye ubaridi wake, na mama yake akakaa karibu mpaka pumzi ya mtoto ilipolainika. Kila asubuhi tangu hapo, kabla ya kuchemsha maji, Losivale huusukuma ukuta. Hajaacha. Papi si vishikizo, na anayekuambia ni sawasawa anataka kukuuzia nyumba. Ofisini bado anapiga simu. Msichana yule aliacha kazi, na aliyeshika nafasi yake hajui habari za kifua cha Tali.

Ng'ambo ya barabara safu mpya ikapanda. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Losivale, akiosha vyombo, aliwaona mafundi wakipakua boksi moja kutoka kwenye gari la kampuni, akamwona mmoja akilifungua, akilitikisa, akitazama ndani.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi tutaruka. Ukuta mwepesi huu, utaenda wapi?"

Wakacheka. Matofali yalikuwa yamepangwa karibu nao, meupe, wazi pande zote, na kicheko kikaingia humo na kukaa. Losivale akafuta mikono, akavuka, akawaambia. Walimsikiliza vizuri, wakavua kofia, mmoja akasema anamkumbusha mama yake mzazi. Kisha wakaendelea. Na aliyowaambia nayo yakaingia kwenye matofali pamoja na mengine.

Losivale akaenda dukani, akanunua pakiti nyingine ya fisha za mapezi, akaiweka kwenye kidirisha cha mlangoni karibu na funguo.

Ilikaa pale mpaka mwezi wa pili. Siku ya joto kali lori la kuhamisha mizigo lilisimama ng'ambo, akashuka mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga kifuani na mume anayecheka na kila mtu. Kufika saa za chai walikuwa wameshaingiza kitanda cha mtoto, na kupitia mlango wao uliokuwa wazi Losivale aliona mahali walipokiweka, chini ya ukuta wa kati, penye ubaridi. Juu yake mume alikuwa ameinua rafu, anapima kwa jicho. Mke alikuwa anamletea drili.

Losivale akavaa ndala, akachukua pakiti, akavuka barabara.

"Karibuni mtaani," alisema mlangoni. "Mimi ni jirani yenu wa mbele. Mdogo wangu, msogeze mtoto kwanza. Halafu hicho kitufe cha nyundo kizime, ili wasikike vizuri."

Mwanamke akamsogeza mtoto. Mume akazima kitufe, akatoboa taratibu, na wote watatu wakanyamaza kusikiliza.